Mstari Uliopinda Kushoto

"Usitetemeke, bibie. Mkono ukitetemeka, mstari nao unatetemeka."

Nilikuwa nimeinama juu ya meza ya kazi ya mume wangu, kalamu ya wino wa zambarau mkononi. Mwenyewe alikuwa amelala chali juu ya meza hiyo, mahali ambapo kwa miaka arobaini alikuwa akilaza mbao zake. Shati lilikuwa limepandishwa hadi kifuani. Suruali ilikuwa imeshushwa hadi mahali ambapo, tangu alipotoka hospitali, hakuwa ameniruhusu kupatazama. Jua la saa tisa lilipita dirishani likamwangukia tumboni, nikaliona kovu kwa mara ya kwanza: jembamba, limeshuka kutoka chini ya kitovu, kama mshono wa fundi mwenye haraka lakini anayeijua kazi yake.

"Sitetemeki mimi," nikamwambia. "Ni wewe unayepumua."

"Basi niache kupumua?"

"Pumua kidogo kidogo. Kwa kipimo."

Akacheka. Tumbo likapanda na kushuka, ikabidi ninyanyue kalamu na kungoja litulie.

Kosa tulilolifanya Jumamosi ile nitalieleza. Lakini ukweli nauweka mbele: nilikuwa na furaha. Miezi tisa ilikuwa imepita tangu mume wangu aache kuniomba msaada wowote wa mwili wake, hata kumkuna mgongo. Sasa alikuwa amelala mbele yangu kama ubao mpya, akinielekeza pa kuanzia na pa kuishia.

Mtaani walimwita Rula. Alikuwa mchoraji wa mabango, na hapakuwa na duka, kinyozi wala shule katika mitaa yetu ambayo jina lake halikupita mkononi mwake. Kazi yake ilianza na uzi uliopakwa chaki. Aliuvuta ukakazika toka ncha moja ya ubao hadi nyingine, akaunyanyua kwa vidole viwili na kuuachia. Tap! Mstari mweupe ukabaki, na herufi zake zikasimama juu ya mstari huo kama askari kwenye gwaride. Rangi ikikauka, alichukua kitambaa chenye unyevu akaifuta chaki yote, hata ile ambayo jicho langu halikuiona.

"Ubao wenye chaki haujaisha," alikuwa akisema. "Mwenye duka ananunua herufi. Jasho langu halimhusu."

Ndivyo alivyokuwa katika kila jambo. Alitaka watu waone kazi iliyokwisha, wasione ilivyomhangaisha. Kwa hiyo alipoanza kuamka mara tano usiku kwenda msalani, alisema ni chai. Alipoanza kusimama huko muda mrefu akingoja, alisema anawaza. Binti yetu mkubwa ndiye aliyemvuta hospitali, akimshika mkono kama mtoto anayekwepa sindano, na huko wakatuambia ni saratani ya tezi dume.

Wakamfanyia upasuaji, wakaitoa tezi. Tukashukuru. Damu yake ilikuwa ipimwe kila baada ya miezi mitatu, na namba inayoonyesha saratani ilitakiwa ikae chini kabisa. Mara ya kwanza ilikaa chini. Mara ya pili ikapanda kidogo. Mara ya tatu ikapanda tena, na daktari akavua miwani kabla ya kutuambia.

"Nyumba tumeibomoa, mzee," alisema, "lakini inaonekana kuna mchwa waliobaki kwenye msingi. Tutawafuata kwa mionzi. Siku thelathini na tatu. Ukizimaliza, una nafasi nzuri. Usipozimaliza, sina cha kukuahidi."

Rula aliitikia kwa kichwa. Lile la mchwa alilielewa haraka, kwa kuwa alikuwa akifanya kazi na mbao. Asichoweza kukubali ni jambo ambalo upasuaji ulimwachia, jambo ambalo daktari alilitaja kwa sauti ya chini na mume wangu akalipokea akitazama dirishani: mkojo haukumtii tena. Akikohoa ulitoka. Akinyanyua kopo la rangi, ulitoka. Akicheka pia, hivyo akapunguza kucheka.

Alihamishia godoro lake chumba cha kazi. Alisema hataki kunisumbua usingizi. Alfajiri, kabla sijainuka, nilisikia maji yakimiminwa uani, na nilipotoka nilikuta shuka limeanikwa, limekunjuliwa vizuri, pembe zimelingana. Siku moja, nikitafuta sabuni aliyoazima kusafishia brashi, nilifungua kopo la rangi nyeupe nikakuta limejaa pedi za kunyonya mkojo. Zilikuwa zimepangwa kama barua. Nikalifunga. Niliogopa kuwa nikilisema, ataondoka hata kwenye kile chumba. Wajukuu walipokuja aliwakataza wasimpande mapajani. "Babu amekuwa mkali," mdogo wao akaniambia. Nikamjibu kuwa Babu amechoka. Wote wawili tulijua kuwa hilo si jibu.

Basi fikiria mtu wa namna hiyo, kisha umwambie kuwa kabla ya kila mionzi anywe vikombe vinne vya maji, aketi saa nzima bila kwenda msalani, aingie kwenye mashine akiwa na kibofu kilichojaa.

"Kibofu kikijaa kinapanda juu, kinaukimbia moto," alitueleza mtaalamu wa mionzi. Alikuwa binti mdogo kuliko kitinda mimba wetu, mwenye sauti ya upole na kucha zilizokatwa fupi sana. Yeye ndiye aliyemchora mume wangu ile mistari: mmoja wa kati, kutoka kitovuni kushuka chini, na misalaba miwili midogo, mmoja kila nyonga. "Mistari hii ndiyo inayoniambia pa kupiga na pa kuacha. Oga, lakini usiisugue. Ikianza kufifia, njoo unione mapema. Ikifutika kabisa, itabidi tupime upya, na hapo tutapoteza siku."

Nje ya chumba cha mashine kulikuwa na benchi refu, na juu yake waliketi wanaume wenye chupa za maji mikononi. Hawakuitana kwa majina. Kila mmoja aliitwa kwa idadi ya siku zilizombakia, na kila siku jina likapungua. Mkubwa wa kelele kati yao alikuwa dereva mstaafu wa malori.

"Mgeni! Wewe nani?"

"Thelathini na Tatu," mume wangu akajibu kwa aibu.

"Karibu, Thelathini na Tatu. Kunywa taratibu, usijishindilie. Mimi nimeendesha lori la mafuta miaka thelathini, sikuwahi kumwaga hata lita moja. Sasa nikipiga chafya tu, namwaga njia nzima!"

Benchi zima likaangua kicheko, na wengine, nadhani, wakamwaga. Mume wangu alitabasamu kwa mdomo tu. Alishika chupa yake kwa mikono miwili, magoti yamebanwa, akaitazama saa ya ukutani kama mtu anayetazama maji yakipanda mlangoni kwake.

Hata hivyo alikwenda. Siku kumi na nne alikwenda, na jina lake likashuka hadi Kumi na Tisa.

Kisha ikaja ile Jumamosi. Alfajiri nilisikia maji uani kama kawaida, ila siku hiyo yalimiminwa kwa muda mrefu. Mchana alikula kidogo, akaingia chumba chake, akatoka, akaingia tena. Saa nane na nusu akasimama mlangoni kwangu. Nilikuwa nachambua mchele.

"Bibie," akasema. "Una nafasi?"

Tulipoingia chumba cha kazi aliniambia akiwa amenipa mgongo, akipanga brashi zilizokwisha kupangwa. Usiku alikuwa amelowa kuliko siku zote. Aliamka gizani, hakutaka kuwasha taa nisije nikaamka, akajisugua kwa sabuni ya kufulia na kipande cha gunia, kwa hasira. Kulipopambazuka akajitazama. Mistari imekwenda.

"Yote?"

"Kimebaki kivuli. Jumatatu wataona. Watasema tuanze upya." Akasogeza brashi moja. "Bibie, mimi sina siku za kuanza upya. Hizi kumi na tisa zenyewe nazihesabu kama mtu anayehesabu pumzi."

Ingetosha kusema twende Jumatatu mapema tumwambie yule binti. Ndivyo alivyotuagiza. Lakini mume wangu alikuwa na kalamu ya wino usiofutika, rangi ile ile, na alikuwa na rula, na meza. Na mimi alikuwa ameniita. Kama angeniambia nimchore angani ningeuliza tu ngazi iko wapi.

Misalaba ya nyongani ilikuwa rahisi, kwa kuwa vivuli vyake vilionekana. Nikavifuata. Mstari wa kati ndio ulioleta maneno. Kivuli chake kilianza kitovuni kikashuka kikiegemea kushoto, si sana, kama mtu anayetembea huku akimsikiliza jirani.

"Umepinda huu," nikasema.

"Najua. Tangu siku ya kwanza nauona. Yule mtoto ana moyo mzuri, lakini hana jicho." Akanipa rula. "Unyooshe. Kitovu hadi chini, sawasawa."

"Si tuufuate ulivyo?"

"Bibie, miaka arobaini nimechora mistari. Nikalale mbele ya mtu na mstari umepinda?"

Nikaweka rula. Nikavuta mstari mmoja ulionyooka kama wembe. Nikafuta kile kivuli kwa pamba na mafuta ya taa kidogo, tusije tukaonekana tumemkosoa. Yeye akajitazama kwenye kioo nilichomshikia, akaridhika.

"Ungekuwa fundi," akaniambia.

Na kabla hajashusha shati, nikaweka kiganja juu ya kovu, kidogo tu. Hakuuondoa mkono wangu. Tulikaa hivyo mpaka jua likatoka mezani.

Jumatatu nilikuwa nimeketi kwenye benchi. Kwa kawaida mume wangu alikaa ndani dakika kumi au kumi na mbili. Dereva, ambaye siku hiyo aliitwa Tano, alikuwa akinisimulia habari za pancha. Mlango mzito ukafunguka, na yule binti akachungulia.

"Mama, hebu njoo mara moja."

Sikuwahi kuingia mle ndani. Kulikuwa na baridi. Mashine ilikuwa kubwa kama tangi la maji lililolazwa, imeinamisha kichwa, na chini yake mume wangu alikuwa amelala juu ya kitanda chembamba, mikono kifuani. Kutoka ukutani zilitoka nyuzi za mwanga mwekundu zikakatiza mwili wake. Uzi mmoja ulishuka tumboni. Kando yake ulishuka mstari wangu. Vilianza pamoja kitovuni, kisha vikaachana, na kufikia chini, kati yao palikuwa na upana wa kidole.

"Nani amechora huu?" binti akauliza.

"Mimi," mume wangu akasema, macho juu.

"Mzee wangu, mistari ya nyongani nayo umejichora mwenyewe?"

"Nimechora mimi."

Nilimsikia jinsi alivyojiweka mbele yangu, amelala vile vile. Nikasema, "Ni mimi, mwanangu. Kalamu nilishika mimi." Kisha likanijia wazo. "Umeshampiga? Umempiga pasipo pake?"

"Hapana, mama. Sijawasha kitu. Siwashi kabla sijaangalia."

Nikashukuru kwa sauti. Ndipo tukasikia. Kwanza tone moja kwenye sakafu, kisha la pili, kisha matone hayakuhesabika tena. Vikombe vinne vya maji vilikuwa vimemshinda. Mume wangu alifumba macho. Uso wake ulikuwa kama ukuta ambao bango limeng'olewa.

Yule binti hakusema "pole". Alichukua shuka safi rafuni akamfunika kuanzia kiunoni, bila haraka, jinsi mama anavyomfunika mtoto asije akaamka. Akatandaza taulo sakafuni na kulisogeza kwa mguu, kana kwamba ni sehemu ya kazi yake ya kila siku, na pengine ilikuwa. Kisha akatupa mgongo, akafungua faili lake mezani, akashika kalamu.

"Mzee, kazi yako ni ipi?"

"Nachora mabango."

"Unapanda ngazi?"

"Miaka arobaini."

"Ukiwa juu ya ngazi, unaegemea upande gani?"

Mume wangu akafikiri. Nikamwona mkono wake wa kulia ukinyanyuka kidogo chini ya shuka, kama umeshika brashi, na nyonga ikisogea.

"Kushoto," akasema.

"Ndiyo hiyo. Nyonga yako imelala kushoto, na vya ndani vimeifuata. Mstari sikuupinda mimi, mzee wangu. Niliufuata mwili." Alikuwa bado ametupa mgongo. "Alhamisi saa mbili nina nafasi ya kupiga picha upya. Jumatatu ijayo tunaendelea. Wiki moja tunaweza kuibeba. Zaidi ya hapo sitaki kudanganya mtu."

"Nishusheni," mume wangu akasema.

Tulipofika mlangoni kwetu akasimama, ufunguo mkononi.

"Aibu ya maiti aijuaye mwosha," akasema. "Yangu imeonwa nikiwa hai. Sirudi kule."

"Mzee wangu..."

"Sirudi, bibie. Acha mchwa watafune wanachoweza."

Akaingia chumba cha kazi, nikasikia komeo.

Jumanne nilimwekea chakula mlangoni. Alikula nusu. Binti yetu alipiga simu mara tatu, akalia, akasema atakuja kumbeba. Nikamwambia asije, baba yake amebebwa vya kutosha. Nilijilaumu. Nilikuwa nimeuona ule mstari unavyokwenda, macho yangu mawili, nikaunyoosha kwa sababu kuunyoosha kulimfurahisha. Niliona pia kuwa aliponiita, hata kwa kosa, mlango ulifunguka, na sasa ulikuwa umefungwa kwa komeo ambalo sikuwahi kulisikia katika ndoa yetu.

Jumatano, jua likiwa bado halijazama, nilikunja godoro langu nikalibeba kichwani kama mwanamke anayehama. Nikagonga.

"Niache, bibie."

"Sikuja kukusemesha. Nimekuja kulala."

"Kulala saa hizi?"

"Fungua, godoro zito."

Nadhani ni uzito wa godoro uliomshinda, maana hajawahi kuniacha nibebe kitu kizito. Komeo likasogea. Nikaingia, nikalitandika sakafuni kando ya lake, nikavua viatu, nikajinyoosha. Chumba kilinuka rangi na sabuni. Akabaki amesimama akinitazama.

"Utalowa," akasema.

"Nitakauka."

Akaketi ukingoni mwa godoro lake. Nikatazama dari.

"Unamkumbuka kitinda mimba wetu alivyozaliwa?" nikamuuliza.

"Nitasahauje? Siku mbili za uchungu."

"Na baada yake?"

Hakujibu, kwa hiyo nikajua anakumbuka. Uzazi ule uliniacha nimechanika, na kwa miezi miwili mkojo haukunitii. Nilikuwa kijana, nilikuwa na mtoto kifuani, na nilinuka. Mama yangu alikuwa mbali. Rula ndiye aliyefua. Kila asubuhi kabla ya kazi alibeba beseni lile hadi uani, akarudi mikono imesinyaa kwa sabuni. Alivianika vitambaa vyangu katikati ya mabango yake yaliyokuwa yakikauka, ili apitaye aone ni vitambaa vya mchoraji. Miezi miwili, na mtaani hakujua mtu.

"Ulisema nini siku zile?" nikamuuliza.

"Sikusema kitu."

"Kwa nini?"

"Kulikuwa na nini cha kusema?"

Nikageukia ukutani, nikajifunika. Muda mrefu nilimsikia ameketi vile vile. Kisha godoro lake likalia, na mgongo wake ukaugusa wangu.

Alfajiri maji yalimiminwa uani. Safari hii niliyamimina mimi. Nilifua shuka lake na langu pamoja, nikaanika, na pembe hazikulingana kwa kuwa mimi sina mkono wake. Niliporudi jikoni kuwasha moto niliona godoro lake likiwa tupu. Nikaketi kwenye kigoda. Nilijiambia kuwa sitamwita, sitamkumbusha ni siku gani. Saa moja ikapita robo.

Nikasikia kikombe kikigonga mtungi. Kimya kidogo, kama cha mtu anayemeza. Kikagonga tena. Sikugeuka. Nilihesabu nikiwa nimetazama moto, na moshi ukanipa kisingizio cha macho. Mara ya nne kikombe kikawekwa mezani.

"Tutachelewa, bibie," akasema nyuma yangu.

Benchini watu walikuwa wamejaa, isipokuwa mahali pamoja palipowekwa chupa ya maji. Dereva akaiondoa.

"Nimekaa na hii chupa tangu Jumanne nikikuwekea nafasi," akasema. "Watu wameshaanza kusema nina mke mwingine. Wewe nani leo?"

"Kumi na Tisa."

"Bado Kumi na Tisa? Mimi nimekuwa Mbili! Wewe mwenzetu hukui?"

Nilimtazama mume wangu. Mdomo ulianza, mashavu yakafuata, na mwisho mabega. Alicheka mpaka akashika tumbo. Akamwaga, najua alimwaga, kwa sababu aliinuka akaenda kubadilisha na akarudi kunywa vikombe vingine. Lakini alirudi akiwa bado anafuta machozi ya kicheko.

Ndani, yule binti alimfuta mstari wangu kwa pamba yenye spiriti, akampiga picha, akachora upya. Mume wangu aliniambia jioni kuwa alimwomba amshikie kioo. Akautazama mstari ukishuka na kuegemea kushoto, akamwambia, "Umenyooka."

Alizimaliza zote thelathini na tatu. Hazikuwa rahisi. Wiki za mwisho zilimchoma ndani, akawa analala mchana kama mtoto, na tumbo likamwendesha. Tulilala chumba cha kazi sote wawili hadi mwisho, kwa kuwa kilikuwa karibu na choo, halafu tukakizoea. Mkojo ulirudi kumtii kiasi, si wote. Lile kopo la rangi nyeupe likahamia dirishani, halina kifuniko.

Siku ya mwisho alikwenda na kitu alichokifunga kwa shuka. Alikuwa amekaa nacho siku nne mezani akinikataza kuchungulia. Alikifungua mbele ya benchi zima, kukatokea ubao mweupe wenye herufi za zambarau, zimesimama kama askari:

ALAMA ZIKIFUTIKA, NJOO.
USIJICHORE MWENYEWE.

Wanaume wa benchi wakapiga makofi. Yule binti alifunika mdomo kwa kiganja, mabega yakatikisika, na sikujua kama analia au anacheka. Mfagizi akaleta ngazi. Mume wangu akakataa kusaidiwa, akapanda mwenyewe, akaegemea kushoto, akapiga misumari miwili juu ya mlango.

Nilikuwa nimeishika ngazi. Kutoka chini niliona kitu ambacho katika miaka yote ya ndoa yetu sikuwahi kukiona kwenye kazi yake iliyotoka nje ya nyumba. Chini ya herufi, toka ncha hadi ncha, mstari mweupe wa chaki ulikuwa bado upo. Kwenye ubao mweupe haukuonekana kwa urahisi, lakini mimi nilikuwa nimeishi nao.

"Umesahau kufuta," nikamwambia kwa sauti ya chini.

Akashuka ngazi moja, kisha nyingine, akisikiliza mwili wake.

"Sijasahau," akasema.

Sasa ni mwaka wa tano. Damu yake inapimwa kila baada ya miezi sita. Namba imekaa chini. Mwaka juzi ilinyanyuka kidogo tukaacha kula siku tatu, halafu ikashuka. Daktari hasemi neno "amepona", na sisi tumeacha kumngojea alitamke. Mjukuu yule mdogo, ambaye si mdogo tena, hukaa kwenye ukingo wa ile meza na kuvuta uzi wa chaki, na Babu yake humwambia asitetemeke.

Mwezi uliopita, mume wangu alipokuwa ndani akichomwa sindano, nilipita kwenye lile benchi. Sura zote ni ngeni, chupa ni zile zile. Mfagizi alikuwa juu ya ngazi akipangusa vumbi mlangoni. Nikasimama kumtazama. Alipitisha kitambaa juu ya maneno, akakikunja, akakipitisha chini kabisa ya ubao. Pale katikati, penye chaki, mkono wake ulinyanyuka na kuruka, kama mtu anayemruka mtoto aliyelala.

"Mbona hapo hupafuti?" nikamuuliza.

Akanitazama, hakunikumbuka.

"Mzee aliyeuleta aliniomba," akasema. "Aliniambia kazi haijaisha."